Vibati Sita vya Kigamboni: Maisha ya Projestus Isidori Kamugisha, 1992–2025

Projestus Isidori Kamugisha alitoka katika ukoo wa watu wa chuma. Baba wa babu yake, Rutashobya, alikuwa mhunzi wa Kamachumu, huko Muleba, na jembe alilofua halikupinda mpaka aliyelilimia akazeeka. Babu yake, Kamugisha, aliteremka Dar es Salaam mwaka 1958, akapata kazi bandarini ya kukwangua kutu za meli, akazikwangua miaka ishirini na saba. Baba yake, Isidori, alikuwa fundi bati wa Temeke. Majiko yake mngali mnayapikia, na mifereji yake ingali inateremsha maji ya mvua mitaa ile. Projestus ndiye wa kwanza katika ukoo huo aliyekisimamisha chuma na kukiuliza: mbona unakufa?

Alizaliwa Temeke tarehe 11 Mei 1992, mtoto wa pekee wa Isidori na Adventina. Alipofikisha miezi tisa alivimba vidole vya mikono na miguu, akapelekwa hospitali, ikaonekana ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao mtaani tunauita sikoseli. Mganga mmoja alimwambia mama yake asiweke matumaini ya mbali. Adventina akamjibu, “Basi nitaweka ya karibu, siku kwa siku.” Lakini kifo hakifuati foleni. Aliyetangulia ni Adventina mwenyewe, mwaka 1998, mtoto akiwa na miaka sita. Dada yake Isidori, Marietha, alimbeba mtoto mgongoni pamoja na kifurushi cha dawa, akavuka naye kwenda kwake Kigamboni, na hakumrudisha tena.

Alisoma Shule ya Msingi Ufukoni kuanzia 1999 hadi 2005. Kuna wiki alizolala kitandani kwa maumivu ya mifupa, anang'ata kanga ya shangazi yake asilie. Akirudi shule Jumatatu huuliza wenzake, “Mmefika wapi?” na Ijumaa amekwisha wapita. Akiwa darasa la nne, Shangazi alifagia uvunguni akakuta glasi zake tatu za wageni, kila moja ina msumari: moja maji ya bomba, moja maji ya bahari, moja mafuta ya kupikia.

“Wee mtoto, unaloga?”

“Napima, Shangazi.”

“Unapima nini kwenye glasi zangu?”

“Upi utakufa kwanza.”

Wa maji ya bahari ndio uliokufa kwanza. Glasi haikutakata tena, na mpaka leo iko kabatini.

Sekondari alisoma Tabora, mchepuo wa fizikia, kemia na hisabati, akamaliza mwaka 2012. Shahada ya kwanza, ya uhandisi wa mitambo, aliipata Chuo Kikuu, pale Mlimani, mwaka 2016. Isidori alikuwa ametutoka mwaka mmoja kabla, akiwa amekwisha nunua viatu vya kwendea mahafali. Mwanawe ndiye aliyevivaa siku hiyo, vikimbana, na hakuvivua mpaka jioni.

Alifanya kazi miaka miwili katika kiwanda cha mabati, akipima unene wa bati. Huko aliona bati lililopelekwa Dodoma na bati lililoletwa Kigamboni ni moja, na ahadi ya miaka ni ileile, kana kwamba upepo wa bahari na upepo wa nyikani ni ndugu. Mwaka 2018 aliamua kurudi darasani. Jumapili moja, baada ya misa, alitandaza karatasi tatu juu ya mkeka wa shangazi yake. Ya kwanza ilikuwa ya ufadhili wa kwenda ng'ambo kusomea vyuma vya ndege. Ya pili ilikuwa ya shahada ya uzamili ya masomo ya jioni, huku anabaki kiwandani. Ya tatu ilikuwa ya uzamili wa utafiti, hapahapa Mlimani, katika uhandisi wa vifaa, ambao ni elimu ya kujua chuma, udongo, saruji na plastiki vimeundwaje na vinakufaje.

“Ya ndege ndiyo yenye sifa,” Shangazi akasema.

“Ina sifa, Shangazi.”

“Sasa unangoja nini?”

“Sie ndege tunazo ngapi?”

“Mie nitajuaje, baba? Naziona zinapita tu.”

“Na mabati je?”

Shangazi akatazama juu, kwenye bati la nyumba yake. Karatasi ya tatu ndiyo iliyotiwa sahihi.

Aliimaliza mwaka 2020, akabaki chuoni kama mhadhiri msaidizi, na mwaka 2021 akaanza uzamivu, ile shahada inayompa mtu jina la Daktari asiyechoma sindano. Alikata vibati vidogo, ukubwa wa daftari la shule, akavipima uzito kwenye mizani inayoona hata jasho la kidole. Tarehe 14 Agosti 2021 alivitundika kwenye vichanja vya mbao: kumi na vinane Temeke, juu ya karakana ya marehemu baba yake, kumi na vinane Kinyerezi, na kumi na vinane hapa Kigamboni, uani kwa shangazi yake, vikitazama baharini. Kila mwaka vishushwe sita, vipimwe kutu imekula kiasi gani, mpaka miaka mitatu. Jirani yetu Bi Mwajabu, ambaye bati lake lilitoboka masika ya tatu tangu alipoezeka, alipita akacheka sana.

“Bi Marietha, mmeanika dagaa wa bati? Watakauka lini hao?”

“Watakauka ukijua kusoma,” Shangazi akamjibu, na yeye mwenyewe hakujua vizuri vinangoja nini. Aliambiwa tu asivisogeze.

Na kweli hakuvisogeza.

Jumamosi ya tarehe 17 Desemba 2022, wazazi wa mchumba wake, Loveness, walikuja kuiona nyumba. Shangazi ni binti wa mkwangua kutu, na binti wa mkwangua kutu hawezi kukaribisha wakwe huku kutu imening'inia uani. Vibati kumi na viwili vilivyobaki vilikuwa vyekundu vyote. Shangazi aliamka alfajiri akavisugua palepale vilipo, kwa majivu, ndimu na msasa ulioachwa na baba yake, kimoja baada ya kingine, mpaka vikang'aa kama sahani za sikukuu.

Projestus aliingia na wageni wake, akaviona, akasimama. Kisha akasema, “Karibuni, wazazi wangu,” akavuta viti. Wakwe walisifu uwanja ulivyo safi. Walipoondoka alikwenda kuvitazama kwa karibu.

“Si unajiona usoni?” Shangazi akamwuliza kwa fahari.

“Najiona, Shangazi. Umetumia nini?”

Akatajiwa. Akatoa daftari lake akaandika tarehe, majivu, ndimu na msasa, hakuacha hata kimoja. Tarehe 9 Januari 2023 alitundika vibati vipya kumi na vinane. Shangazi alipouliza vile vya kwanza vimekosa nini, alisema, “Vile vilikuwa vya mazoezi.”

Ndoa yake na Loveness ilifungwa tarehe 4 Februari 2023. Mungu akawapa binti, wakamwita Adventina, jina la bibi yake. Projestus alikuwa mume wa kusonga ugali mwenyewe, na baba wa kumwimbia mtoto majina ya madini kwa sauti ya nyimbo za kanisani.

Vibati vya Temeke na Kinyerezi vilimaliza miaka yao Agosti 2024. Walimu wake walimshauri aandike kwa sehemu hizo mbili, aiache Kigamboni, apate shahada yake mwaka huu. Alikataa. “Nikiiacha Kigamboni,” aliwaambia, “nitakuwa nimeandika kila kitu isipokuwa bati la Bi Mwajabu.” Nyumbani hakusema neno.

Mwezi Oktoba mwaka huu maumivu yalirudi, safari hii kifuani, akalazwa. Jumapili ya tarehe 23 Novemba alitembelewa na Najat, mwanafunzi mwenzake waliyekuwa wakipima naye maabara. Binti huyo, kwa uchungu wake na bila ubaya, alisema mbele ya Shangazi kwamba kama vibati vya Kigamboni visingeoshwa, Projestus angekuwa amekwisha vaa joho. Kesho yake Shangazi alikuja na chupa ya uji, akaiweka chini, akakaa.

“Baba, ni kweli?”

“Najat huyo. Mdomo wake hauna kitasa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia ungefanya nini, Shangazi? Ungevirudishia kutu?”

Alicheka, na kicheko kikamletea kikohozi, na kikohozi kikamchukua muda mrefu. Shangazi alimwomba vibati sita vilivyobaki vishushwe siku hiyohiyo, vipelekwe kwa walimu, apewe kilicho chake angali anaona. Akasema havijaiva. Vilikuwa bado na siku arobaini na sita.

Yeye hakuzipata siku hizo. Alifariki dunia Jumanne ya tarehe 2 Desemba 2025, saa tatu asubuhi, akiwa na umri wa miaka thelathini na mitatu, mkono wake mmoja ukiwa kwa Loveness na mwingine kwa shangazi yake. Hili la joho linasomwa hapa mbele yenu kwa sababu marehemu alilificha miaka mitatu ili mtu mmoja asione haya, na mtu huyo ameona si haki lizikwe naye.

Jumatano vijana waliokuja kufunga turubai walitaka kamba waifunge kwenye kichanja. Bi Mwajabu alitoka kwake mbio, hata viatu hakuvaa. “Nyie! Fungeni kwenye nguzo ya choo! Hao dagaa wana mwenyewe!”

Marehemu ameacha mjane, Loveness, binti mmoja, Adventina, wa mwaka mmoja na miezi minane, shangazi yake Marietha aliyemlea, wanafunzi wake, na jirani Mwajabu, aliyesema asipoandikwa hapa hatagusa wali wa msiba. Mwenyezi Mungu amlaze Projestus pasipo maumivu ya mifupa, mahali ambapo hakuna kinacholiwa na kutu.

Limebaki agizo alilolitoa siku ile ya uji, Najat akiwa ameitwa kusikia. Alisema Najat atapima na atamalizia kuandika, lakini wa kuvishusha vibati awe mwingine. Loveness akadhani atatajwa yeye. Projestus akageuza kichwa upande wa pili wa kitanda.

“Shangazi, utavishusha wewe. Ijumaa, tarehe 9 Januari, saa nne asubuhi, si kabla. Vaa glovu, kila kimoja kitie kwenye bahasha yake, umpe Najat mkononi.” Akapumzika kidogo, akamshika kidole. “Na Shangazi, wageni wakija, hata awe nani, usivioshe.”