Kocha na Raga ya Watu Kumi na Tatu

Ndugu waombolezaji, wazee wetu shikamooni, mimi ni mtoto wa dada yake marehemu, nimepewa kusoma kwa sababu nimekaa naye tangu nina miaka tisa, shule yenyewe niliishia kidato cha pili, kwa hiyo mtanivumilia.

Marehemu mjomba wetu, ambaye wengi mlimwita Kocha, alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, mtoto wa tatu kati ya sita, akamaliza shule ya msingi mwaka 1982, akajifunza kuchomelea vyuma, na tarehe 2 Januari 1987 akaajiriwa karakana ya mabasi mpaka alipostaafu mwaka 2018. Alifunga ndoa tarehe 9 Septemba 1995, wakapata mabinti wawili, na mkewe hupenda kusema aliolewa na wawili, mume na ule mpira wenye umbo la yai.

Mwaka 2012 alianzisha timu ya raga ya watu kumi na tatu, ile ambayo mkiangushwa mara sita mpira wanapewa wapinzani, mkamcheka, mkasema raga ni ya kumi na tano, hiyo yako imepungukiwa watu, yeye akachomelea magoli kwa mabomba chakavu, akazunguka shule kwa shule na baiskeli, mpaka mwaka jana miji minne ya ukanda huu ina timu, miwili ina hata ya wasichana, na alikuwa anatuambia miaka kumi ijayo itakuwa miji ishirini, anayasema hayo hata siku tuliyofika mazoezini wanane.

Sehemu inayofuata mama mkubwa ameniomba niiruke, mama nisamehe. Tarehe 3 Mei mwaka huu mjomba alilazwa kwa ugonjwa wa figo, kila Ijumaa nahodha wetu anakuja wodini, anamwambia mazoezi yako moto, Kocha, we pona tu, mjomba anamwandikia kikosi cha Jumamosi kwenye karatasi, nahodha anaikunja anatia mfukoni, wiki sita hivyo, hadi nesi mmoja akamuuliza kwa wema tu, mzee, mbona yule kijana wako na wenzake nawaona wanachezea wale wa kumi na tano? Walihama tarehe 5 Mei, kwa ahadi ya jezi mpya na basi la safari, na sisi tuliobaki tulijua, tukamficha. Ijumaa iliyofuata mjomba akampa nahodha karatasi tupu, na nahodha akaikunja bila kuitazama, akasema sawa, Kocha.

Alifariki tarehe 27 Juni, saa nne asubuhi.

Tunawashukuru madaktari, na nesi yule hasa, majirani, mafundi wenzake mliofunga karakana leo, na timu za miji mitatu mliokuja. Mwenyekiti wa klabu ya kumi na tano, barua yako ya kutaka kombe lenu liitwe jina la mjomba tumeisoma, familia imekaa, imekataa, utaichukua ukitoka. Sisi wachezaji wake tumebaki watano, miji hiyo mitatu imesema itatuazima wanane, tarehe 1 Agosti tunacheza.

Mjomba, pumzika, amani tuliyokunyima wodini uipate huko.