Shimo la Samadi na Kisima cha Msikiti

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, anayetunywesha maziwa meupe kutoka kwa mnyama anayelala juu ya mavi yake mwenyewe. Asalaam aleikum, wanachama wenzangu wa ushirika wa maziwa.

Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kwa subira. Nawaambia, subira hiyo ilikaribia kuzama shimoni. Tena shimo la samadi.

Nyinyi mnaofuga ndani ya banda la saruji mnajua. Ukiosha sakafu, mavi na mkojo huwa uji, na uji huo lazima uende mahali. Baba zetu walilaza ng'ombe uwanjani, mavi yakakauka, wakayazoa kwa karai, basi. Huu uji hauzoleki! Nikachimba shimo nyuma ya banda, nikalisakafia, nikajipongeza. Sikuliezeka. Nani anaezeka mavi?

Masika yakaja. Mvua ya kwetu Matuga haibishi hodi. Nikiteka ndoo, mvua inarudisha pipa. Mke wangu alisimama mlangoni, leso puani: "Bwana, hata kuku wamehama. Na mimi nifungashe?" Kila mpita njia alikuwa na ushauri, na hakuna aliyekuja na ndoo.

Shimo lilipoanza kufurika, nikaumwaga ule uji kwenye nyasi za ng'ombe, pale mteremkoni. Ardhi ilikuwa imeshiba, haikunywa hata tone. Wote ukateremka, ukapita uwanjani kwa jirani, ukaingia kisima cha msikiti.

Mnacheka? Ngojeni. Imamu wetu, kijana mwenye adabu zake, alinijia na kata ya maji.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Maji yamebadilika rangi, na yana harufu. Kuonja sikuonja, unisamehe. Hayafai kwa udhu."

Mimi, niliyewafundisha watoto wa watu mlango wa tohara madrasani, nimewatilia waumini najisi kisimani! Wazee wa mtaa wakakaa, wakakata shauri: vuli ikija, kisima kikichafuka tena, ng'ombe watoke kijijini. Na ng'ombe hao ndio chakula cha wajukuu alioniachia marehemu mwanangu. Kwa uzee huu ningeanza kazi gani nyingine?

Nilichoka, jamani. Nikawauliza ng'ombe wenyewe, "Hamwezi kupunguza kidogo?" Wakanitazama, wakaongeza.

Sasa sikilizeni. Aliyenipigia kelele zaidi barazani alikuwa yule jirani niliyemchafulia uwanja, mama mjane. Asubuhi moja akabisha hodi. Nikajua makaripio yaliyobaki yamekuja. Kumbe ana mzigo wa makuti kichwani, na wanawake wenzake nyuma yake, kila mmoja na wake.

"Mzee," akasema, "jiko langu limeezekwa makuti na halivuji. Shimo lako lina utukufu gani? Usinijibu. Tafuta nguzo."

Nikatafuta nguzo, shimo tukaliezeka. Wanaume wakaona haya, wakaja na majembe, wakachimba mfereji wa kuyapitisha maji ya mvua kando ya shimo. Kisima tukakiteka chote, tukakwangua tope lake. Mvua ilipokatika, ardhi ikakauka, nikachimba vijifereji baina ya mistari ya nyasi, upande usioelekea kisimani. Nikatia samadi kidogo kidogo, nikafukia. Nyasi zilivyomea, wanaonijua wameziona.

Vuli ikaja kwa hasira. Ilipotulia, wazee wakanichukua hadi kisimani. Imamu akateka, akatazama, akanusa, akaonja. Akakunja mikono ya kanzu, akaanza kutawadha.

Nawashukuru wale wanawake, na walioshika majembe, na mke wangu ambaye hakufungasha. Funzo langu ni dogo: liezeke shimo kabla ya mvua, wala usimwage samadi juu ya ardhi iliyolowa. Na jirani anayekukaripia usimkimbie, huenda ndiye atakayekusaidia.

Nawe utakayeusoma ushuhuda huu, Mola akubarikie mifugo yako, akuhifadhie maji yako, na akupe jirani mwema. Amin.