Mwalimu Eunice Kanze na Kaburi la Uwanja wa Kanisa

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, jamaa zetu wa Kinango na wa Majoreni, majirani na wanafunzi wa marehemu, Bwana asifiwe, na kwa ndugu zetu Waislamu, asalaam aleikum. Mimi Shutu Tembo, shemeji yake, nimepewa heshima ya kuwasomea maisha ya Mwalimu, na kwa kuwa alizoea kusahihisha hata matangazo ya kanisani kwa kalamu nyekundu, nitasoma taratibu, nisije nikasahihishwa hata leo.

Mwalimu Eunice Kanze Mangi alizaliwa Kinango tarehe 9 Aprili 1958, kifungua mimba wa marehemu Mzee Mangi na marehemu Mama Mwanatumu, akapewa jina la Kanze, nyanya yake mzaa mama, ambaye ndiye aliyemlea. Babu yake, mume wa Kanze, hakumwona, aliambiwa tu kwamba alikuwa mtu wa pwani aliyefia kazini kabla mtoto wake hajazaliwa, na watu waliposhangaa Mduruma Mkristo kuitwa Mwanatumu, jina la Waislamu wa pwani, nyanya alijibu kwamba ndivyo alivyoagizwa.

Alisoma shule ya msingi Kinango kuanzia 1965 hadi 1971, akaendelea na sekondari, kisha chuo cha ualimu, na mwezi wa Januari 1979 akaletwa hapa Msambweni, ambako alifundisha mpaka alipostaafu Aprili 2018, na wengi mliokaa chini ya hema hili mliipata hesabu ya kugawanya mkononi mwake, wengine kwa machozi.

Tarehe 12 Desemba 1981 alifunga ndoa na kaka yangu Harrison, mjukuu wa Katekista Tembo aliyeanzisha kanisa hili, wakajaliwa watoto wawili, Mercy na Mangi.

Alipostaafu tu, kamati ya kanisa ikamwomba aandike historia ya kanisa kwa ajili ya jubilii ya miaka themanini, naye hakuwa mtu wa kuandika asichokihakikisha. Nyote mnalijua lile kaburi la zamani kando ya ukuta, ambalo kila Pasaka tuliliwekea maua tukimshukuru Mungu kwa Katekista Tembo, na jiwe lake la kichwani liko mashariki ilhali wenzake wote wamelazwa vichwa magharibi, nasi tulihubiriwa tangu utotoni kwamba mchungaji halazwi kama kondoo, amelazwa akilitazama kundi lake.

Mwalimu naye aliliamini hilo, mpaka siku alipokwenda kumpa pole jirani yake Bi Twaiba, aliyefiwa na mume na kumzika nyuma ya nyumba, akaona jiwe la kichwani liko mashariki vilevile, ili maiti akilalia ubavu wake wa kulia uso uelekee kibla, yaani kaskazini. Alirudi nyumbani bila kunywa hata chai, akamwambia mumewe kwamba kanisa lilikuwa likimwekea Mwislamu maua.

Akawauliza wazee ni nani waliolijenga kanisa, akaambiwa mafundi wa mawe na chokaa walitoka Majoreni, akafunga safari, na huko akapokewa na Bi Mwanatumu, wa jina moja na mama yake, tuliye naye hapa leo, ambaye alimsimulia habari za fundi Kibwana, ndugu wa babu yake huyo Bi Mwanatumu, aliyekuja Msambweni kujenga kanisa hili akamwoa msichana wa Kiduruma aliyekuwa akiteka maji ya kazi, akaanguka kutoka darini wakati wa masika ya 1938, akazikwa siku ileile na wenzake kwa kuwa mito ilikuwa imefurika, na jamaa zake walipokuja walimtafuta makaburi yote ya Waislamu, wala hakuna aliyewaza kutazama uwanja wa kanisa. Mke alirudi kwao Kinango na mimba, na Kibwana alikuwa amekwisha kuagiza kwamba mtoto akiwa wa kike aitwe jina la mamake, Mwanatumu.

Mwalimu alilia, halafu akacheka, kwa maana tangu siku ile nyumba moja ilikuwa na babu wawili na kaburi moja. Jiwe jipya la marumaru lenye jina la Katekista lilikuwa limekwisha kuchongwa kwa ajili ya jubilii, kamati ikamsihi aliache jambo lilivyo, nasi ukoo wa Tembo tukanuna waziwazi, lakini yeye hakutaka chochote kingine duniani ila babu yake aitwe kwa jina lake. Aliyekata shauri ni Harrison, aliyesema, "Andika, mke wangu. Babu yangu alihubiri kweli, hawezi kuikasirikia." Jumapili ya tarehe 24 Novemba 2019 Mwalimu aliisoma historia yote bila kuruka neno, jamaa wa Majoreni wakaomba dua kaburini, na lile jiwe likageuzwa, likachongwa upande wa pili jina la fundi Kibwana. Katekista naye Mwalimu alimtafuta mpaka akampata, amezikwa kwa dada yake Samburu ya huku pwani, kichwa magharibi kama kondoo yeyote. Kwa hilo, shemeji, ukoo wa Tembo unajivunia wewe.

Mwaka 2023 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akayabeba bila kulalamika, na Jumanne tarehe 19 Agosti 2025, alfajiri, akatutoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, kanisa, na Bi Twaiba aliyempikia uji miezi yote ile. Tunawashukuru zaidi vijana wa Majoreni, waliofika leo asubuhi na majembe yao na kukataa kusaidiwa, wakisema kaburi la mtoto wao watalichimba wenyewe, ubavuni pa babu yake.

Aliomba asiagwe kwa nusu ya jina lake, bali kwa lote. Eunice Kanze, binti wa Mwanatumu, mjukuu wa fundi Kibwana aliyelijenga kanisa hili, pumzika kwa amani.