Siku Kipngeno Alipomfungia Seneta Mlango

Mheshimiwa Seneta Salmin Darweshi, mgeni wetu wa heshima, Mheshimiwa Mwakilishi wa Wadi, Chifu wetu, Mchungaji uliyetufungulia shughuli hii kwa maombi, Bwana Weldon Kipngeno, unayestaafu, dada yangu Sally, mkewe, ambaye kuanzia kesho ndiye atakayekuwa Spika wake, ndugu wageni waalikwa mlioketi chini ya hema, na ninyi ambao hema liliisha kabla hamjafika mkaachiwa baridi ya Elburgon: nawasalimu nyote. Kama kuna cheo nimekiruka, mwenyewe anyooshe mkono sasa hivi, asije akaninunia wakati wa chakula.

Mimi ni Linah Cheruto, mkulima wa viazi na mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kutoka Kuresoi. MC wetu Micah ameniambia nina dakika saba. Micah, mimi nimewahi kungojea zamu yangu katika Seneti ya Kenya. Hizo dakika saba waheshimiwa kule wanazitumia kusafisha koo.

Najua wengi wenu mnajiuliza, huyu mwanamke ni nani wa Kipngeno? Si dada yake. Si jirani yake. Hatukusoma pamoja. Ukweli ni kwamba siku ya kwanza tuliyokutana nilimtukana, ndani ya uwanja wa Bunge, nikiwa nimevaa sweta yangu ya kanisani. Na kwa kuwa leo anaaga kazi baada ya miaka kumi na miwili ya kulinda mlango wa Seneti, ni haki mjue ilikuwaje.

Mnajua lumbesa. Kwa wale waliozaliwa mjini, ni hivi: gunia linajazwa viazi mpaka mdomoni, halafu juu yake linashonewa wavu, na wavu nao unajazwa, mpaka gunia linaonekana kama limevaa kilemba. Mnunuzi akifika na lori lake analitazama hivi, analipigapiga mgongoni, anasema, "Gunia moja." Wewe ulilima magunia karibu mawili, na yeye anahesabu moja! Sasa, Mheshimiwa Salmin alikuwa ameleta Mswada katika Seneti kwamba kilemba kitolewe, gunia lishonwe mdomoni, na lipimwe kwa mizani. Sisi wakulima tukachanga nauli, tukateremka Nairobi watu kumi na wanne tukaone Mswada wetu ukipita.

Mimi nilibeba kiazi kwenye mkoba. Kimoja tu, lakini kikubwa. Langoni mkoba ukapita kwenye mashine, mashine ikalia, kijana wa usalama akaniuliza, "Mama, hii ni nini?"

"Ni kiazi."

"Kinaenda kufanya nini ndani?"

"Ni ushahidi," nikamwambia.

Akaita mkubwa wake. Akaja mwanamume mrefu, suti nyeusi, tai imenyooka, uso kama wa mtu anayesoma matangazo ya mazishi. Huyo ndiye Kipngeno. Hakucheka hata kidogo. Alikichukua kile kiazi kwa mikono miwili, akakiandikia risiti, na ninayo mpaka leo: "Kiazi kimoja, kikubwa, mali ya mgeni." Halafu akasema, "Utakikuta hapa ukitoka, mama."

Tukapanda roshani ya wageni. Saa nane na nusu kengele ikalia, wote tukasimama, na Siwa ikaingia, lile rungu kubwa la dhahabu linalobebwa mbele ya Spika. Sikuwa nimeiona kabla. Niliinama mpaka kilemba changu mwenyewe kikaanguka kwa mama wa mbele. Wakaomba. Wakaanza kazi. Spika akatangaza kwamba kuna wakulima wa viazi kutoka Kuresoi, tusimame tutambuliwe. Tukasimama. Seneta wa kwanza akatukaribisha. Wa pili akainuka akatukaribisha pia, na akasema bibi yake alipanda viazi. Wa tatu akasema yeye hajui viazi, lakini anatukaribisha na kututakia safari njema, na hapo hatukuwa tumeketi hata mara moja. Baada ya kama robo saa nikasikia mtu nyuma ya sikio langu. Ni Kipngeno.

"Mama," akaninong'oneza, "mmeshatambuliwa. Kaeni chini."

Ndugu zangu, mnajua kazi ya siku moja ya Seneti? Kuna maombi ya wananchi. Kuna taarifa. Kuna hoja ya nidhamu. Siku hiyo hoja ya nidhamu ilikuwa kuhusu kofia ya seneta mmoja, kama ni kofia ya heshima au ni kofia ya jua, na ilijadiliwa kwa hoja nzito ambazo natamani siku moja nizisikie zikijadili barabara ya Kuresoi. Nilisinzia. Nikaamka, bado ni kofia.

Hatimaye, saa kumi na moja kasoro, wakafika kwenye kura yetu. Mheshimiwa Salmin alikuwa amesimama mapema akazungumza vizuri sana, Mheshimiwa, nakupa haki yako. Ila alipomaliza kuzungumza alitoka. Na kura ya Mswada kama ule inapigwa kwa kaunti: kila kaunti kura moja, na lazima zitimie ishirini na nne. Sisi tulikuwa tumehesabu. Pamoja na ya Salmin, zilikuwa ishirini na nne kamili.

Kengele ya kura ikalia. Maseneta wakaanza kuingia, huyu anafunga koti, huyu anafuta mdomo. Mimi macho yangu yote kwenye kiti cha Salmin. Kitupu. Kengele ikanyamaza. Spika akasema milango ifungwe, na Kipngeno, ambaye sasa alikuwa ameshuka chini, akaenda akaufunga ule mkuu.

Hapo ndipo tukasikia mlango ukigongwa.

Haya ya nje nilisimuliwa na Mheshimiwa mwenyewe, na akiyakana leo nitaomba dakika saba nyingine. Alikuwa amekwenda kunywa chai. Aliposikia kengele alikimbia, na alikuwa amebakiza hatua mbili.

"Kipngeno! Ni mimi!"

"Najua ni wewe, Mheshimiwa."

"Fungua basi!"

"Spika ameshaagiza ufungwe, Mheshimiwa."

"Lakini ni Mswada wangu!"

"Ninajua, Mheshimiwa. Ni mzuri sana."

Kura ishirini na tatu. Ulianguka kwa kura moja, na kura hiyo ilikuwa nyuma ya ubao, ikinukia chai ya tangawizi.

Mimi sikuweza. Nilisimama pale roshanini nikapiga kelele, "Mfungulieni Salmin!" Sasa, mgeni haruhusiwi hata kukohoa kwa msisitizo kule. Afisa mmoja wa kike alinishika kiwiko kwa adabu, na nikajikuta nje. Nikamngoja Kipngeno langoni. Alikuja na kiazi changu. Akanipa, akaomba nitie sahihi.

Nikamuuliza, "Wewe unatoka wapi?"

"Elburgon, mama."

"Elburgon! Mtu wa nyumbani! Na ulijua ni kura ya viazi?"

"Nilijua."

"Upenyo wa unywele mmoja tu ungefungua!"

Akasema, "Mama, nikifungulia viazi leo, kesho nitamfungulia nani?"

Nikamwambia, na hapa Mchungaji uzibe masikio, nikamwambia, "Wewe si mtu. Wewe ni kufuli lenye tai." Nikamrudishia kile kiazi kifuani, nikamwambia akale yeye, nikaondoka. Njia nzima mpaka Gilgil sikusema neno. Tulipofika Gilgil nikaanza kusema, na wenzangu wanasema sikunyamaza mpaka Molo.

Mswada ukianguka, haurudi mpaka miezi sita ipite. Tukapanda tena, tukapalilia, tukavuna, magunia yakavaa vilemba vyake. Katika hiyo miezi nikaja hapa Elburgon kutafuta mbao za banda la mbegu. Mama mmoja pale kiwanda cha mbao akanisikia nikisimulia habari za yule kufuli, maana nilikuwa naisimulia kila mahali. Akanisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema, "Mimi ni mke wa kufuli."

Sally, unakumbuka uso wangu siku hiyo?

Hakunigombeza. Alinikalisha juu ya magogo akanieleza. Mama yake Kipngeno alikuwa mpagazi wa viazi kule kwetu Kuresoi. Alibeba lumbesa mgongoni kutoka shambani mpaka barabarani, miaka na miaka, na huo mgongo ndio uliomsomesha huyu bwana. Alizeeka akitembea ameinama, akiwaangalia watu viatu badala ya uso. Na wikendi ile baada ya kura, Kipngeno alirudi nyumbani, akawekewa chakula, hakula. Sally akamuuliza kuna nini. Akasema, "Wiki hii nimemfungia mama yangu nje."

Halafu Jumatatu akafunga tai akarudi kazini.

Mimi nilinunua mbao zangu bila hata kubishana bei, nikaenda. Wanaonijua wanaelewa hilo ni jambo kubwa kiasi gani.

Miezi sita ikaisha, Mswada ukarudi, na sisi tukarudi roshanini. Safari hii Mheshimiwa Salmin aliingia kabla ya maombi akakaa. Hakunywa maji tangu asubuhi. Wenzake walimwita nje, akakataa. Kufika saa kumi alikuwa amekunja miguu kwa namna ambayo hata sisi wa juu tulimwonea huruma. Kengele ikalia, milango ikafungwa, kura zikahesabiwa: ishirini na nne! Mimi niliuma lesso yangu nisipige kelele, na ina tundu mpaka leo.

Lakini haikuisha hapo. Milango ilipofunguliwa tu, wakaingia maseneta watatu mbio, wapinzani wa Mswada waliofungiwa nje. Mmoja akainuka kwa hoja ya nidhamu. Akasema mlango ulifungwa mapema. Akasema afisa wa mlangoni ni mtu wa Elburgon, anatoka kwenye viazi, na kwa hiyo kura irudiwe. Ukumbi ukachafuka. Na wetu wawili walikuwa wameshatoka kukimbilia ndege. Kura ikirudiwa, tumekwisha.

Kipngeno alisimama pale mlangoni, mikono nyuma, akitazama ukuta. Hakuruhusiwa kujitetea. Mtu wa mlangoni hana maikrofoni.

Akasimama Mheshimiwa Salmin. Taratibu sana, kwa sababu ya hali yake. Akasema, "Bwana Spika, mlango huo ulinifungia mimi. Mswada ulikuwa wangu, nilikuwa nimebakiza hatua mbili, na bwana huyo aliusifu Mswada wangu akiwa ameshika kitasa. Kama kuna mtu hapa anayedhani Kipngeno hufungua mlango kwa ajili ya viazi, aje aniulize mimi."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, pande zote mbili. Hata yule wa hoja alicheka akaketi. Spika akasema kura imesimama, na Mheshimiwa akaomba ruhusa akatoka kwa mwendo ambao sitaueleza mbele ya Mchungaji.

Mswada sasa uko kwa wenzao wa Bunge la Taifa, unaendelea na safari yake, na tutaufuata huko pia. Lakini hapa kwetu sikuja kuzungumzia Mswada.

Bwana Kipngeno, siku ile ya pili nilipita langoni nikakuona, ukanisalimia, "Safari njema, mama," nami nikaitikia tu nikaenda. Niliona haya. Nimeona haya kwa muda mrefu. Ningekuja kwako peke yangu, kimyakimya, lakini tusi nililitangaza kuanzia Gilgil mpaka Molo, kwa hiyo haifai msamaha niuombe kwa sauti ya chini. Mbele ya Seneta, mbele ya Chifu, mbele ya mkeo na watoto wako: nilikosea. Nilikuita kufuli. Wewe ulikuwa mtoto wa mama yako, na ulitaka mlango ule ufunguke kuliko mtu yeyote aliyekuwa ndani ya jengo lile, na bado uliushikilia. Nisamehe.

Naona ameinuka. Micah, usinipokonye maikrofoni, ngoja... Haya, amesema. Kwa walio nyuma ambao hamkusikia, amesema: "Mama Cheruto, kile kiazi nilikipanda."

Nyamazeni kidogo nimalize. Staafu salama, ndugu yangu. Nanyi nyote, kwa masikio yenu na kwa uvumilivu wenu, nawashukuru sana.