Kidonge Kisicho na Mstari

Mgeni rasmi, wewe Mkurugenzi wa kampuni ya dawa, pamoja na Daktari wetu, wauguzi, na wenzetu mliotoka majumbani bila chai kwa sababu mliambiwa muwahi:

Karibu. Kiti ulichokalia ni chako, umekinunua wewe, na feni inayokupepea vilevile. Sisi tulizoea kusubiri kwenye korido, mgongo ukutani, mvua ikinyesha tunabanana kama kuku. Leo tuna ukumbi wa kusubiria uliotujengea wewe. Ahsante sana. Tunaisema kwa moyo mmoja kabla hatujafika kwenye mengine, maana kamati ya maandalizi imetuomba tuwe na adabu.

HISTORIA YETU

Sisi ni wagonjwa wa presha, na tulijuana kwenye foleni. Aliyetuunganisha ni fundi cherehani mmoja tunayemwita Mama Vifungo, kwa sababu haji kliniki bila sindano, uzi na mkasi kwenye pochi. Akiona shati lako limepungukiwa kifungo anakukamata palepale: "Simama hivyohivyo, baba. Usije ukaingia kifua wazi, daktari akadhani umezidiwa." Hata Daktari wetu aliwahi kushonewa koti lake jeupe akiwa amelivaa.

Miaka hiyo tulikunywa kidonge kidogo cheupe, cha bei ya kawaida, chenye mstari katikati. Daktari akisema "nusu", unakivunja kwenye mstari kwa kidole gumba, basi. Ikawa ndiyo salamu yetu. "Umevunja?" "Nimevunja." Asiyetujua alidhani sisi ni wezi.

MAFANIKIO

Kwa kidonge hicho tulizeeka, Mgeni rasmi. Watu walioambiwa wajiandae kufa walicheza harusi za wajukuu wao. Miaka yote hiyo hatukuwa na mwenzetu hata mmoja aliyepata kiharusi. Fanikio letu ni hilo, hatuna jingine la kukusomea.

CHANGAMOTO

Kisha akaja mtu wako wa mauzo. Sisi tunamwita Bwana Mkoba. Huyo hapangi foleni. Anabisha hodi, anaingia kwa Daktari, tunasikia vicheko, anatoka. Akishaondoka, ofisini kuna saa mpya ya ukutani, kalenda na kalamu, vyote vina jina la kidonge chako kipya. Baadaye Daktari akaalikwa semina hotelini, akarudi amenawiri. Hatusemi amehongwa. Neno hilo hatulitaki kwa mtu aliyewauguza wazazi wetu. Tunasema amekirimiwa. Na mtu akishakula kwako, unajua mwenyewe anavyopata taabu kukwambia hapana.

Tangu hapo vyeti vyetu vyote vya dawa vikaandikwa kidonge kipya. Zamu ya Mama Vifungo ilipofika mlango ulikuwa wazi, tukasikia.

"Daktari, kile cheupe kimekosa nini?"

"Hakijakosa kitu, mama. Hiki ni cha kisasa."

"Mimi mwenyewe wa zamani. Niachie mwenzangu."

Walicheka wote wawili. Cheti hakikubadilika.

Akaenda duka la dawa kuulizia cheupe. Muuzaji akamjibu, "Nilishaacha kukileta, mama. Daktari haandiki, nitamuuzia nani?" Kipya kilikuwa tele, ila bei yake, tobaa! Pesa ya dawa ya mwezi mzima sasa ilimfikisha wiki moja tu.

Akafanya tulichokuwa tukifanya sote. Akakitoa kidonge kwenye pakiti, akakigeuza huku na huku, akakuta hakina mstari. Alicheka mpaka benchi likatikisika. "Hawa wamesahau kuweka mstari! Haidhuru. Nani aliwahi kuniona nikichora chaki kabla ya kukata kitambaa?" Akatoa mkasi: nusu ya leo, nusu ya kesho. Tukampa na vyetu atukatie.

Mgeni rasmi, hakuna aliyesahau. Kidonge chako kimetengenezwa kitoe dawa taratibu kutwa nzima. Ukikikata, dawa inatoka yote kwa mpigo. Kukosa mstari ndiko kulikokuwa onyo lenyewe. Bwana Mkoba alilijua. Limeandikwa pia kwenye kikaratasi ndani ya boksi, kwa lugha ya kigeni, kwa herufi ambazo hata mwenye miwani anazikimbia. Daktari, kwa haraka ya foleni, hakutuambia. Sisi hatukuuliza, maana kuvunja alitufundisha yeye.

Presha ya Mama Vifungo ikawa leo inaporomoka, kesho inapaa. Akilalamika kizunguzungu tunamwambia apunguze kazi. Mwisho alianguka juu ya cherehani, gauni la mteja likiwa bado chini ya sindano. Kiharusi. Tulipojua sababu tulilia, halafu tukakasirika, na hasira hiyo tumekuja nayo hapa ukumbini. Utuwie radhi, au usituwie.

MAOMBI

Tunaomba kidonge cheupe kirudi dukani, na Daktari wetu aweze kukiandika bila kuona haya mbele ya saa yako. Ukitaka kuichukua saa hiyo, ichukue, saa tunazo. Bwana Mkoba naye apange foleni. Akikaa nasi benchi moja atatujua. Na kidonge kisichokatwa kiandikwe hivyo juu ya boksi, kwa lugha tunayotumia kugombana nyumbani.

La haraka kuliko yote ni hili. Mama Vifungo bado ana presha. Cheti alichopewa juzi kimeandikwa kidonge kilekile, na pesa ya kunywa kizima kila siku haipo, kwa sababu uliokuwa ukiitafuta ni mkono wake wa kulia. Tumeshamzuia asikate. Sasa anaruka siku. Hatutaki kumzika, Mgeni rasmi. Ukumbi ni mzuri, lakini hilo ndilo lililotuleta.

KUHITIMISHA

Yupo hapa, mstari wa mbele, mwenye gauni la bluu, kando ya mumewe. Maneno siku hizi yanamtoka kwa shida. Jana kamati ilihangaika kutafuta mkasi mkali wa kukatia utepe, na yeye ndiye aliyeonyesha pochi yake kwa kidole. Mkasi uliolala kwenye sinia mbele yako ni uleule.

Ukishakata utepe, tunakuomba usiurudishe mkasi kwenye sinia. Mpelekee mwenyewe. Umpe kwenye mkono wa kushoto, na usidhani anakukosea adabu akiupokea hivyo. Wa kulia haushiki tena.

Mungu akupe afya wewe na wazee wako nyumbani, na siku mkiugua mwandikiwe dawa mnayoweza kuinunua.

Ni sisi,
Wagonjwa wa Presha, Kliniki ya Alhamisi.