Bi Pambizo, Shemeji Yake na Skrini Iliyogoma

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mitatu ya kupanga kurasa za vitabu vya nyumba yetu ya uchapishaji, msanifu wetu mkuu anastaafu. Jina lake kamili analijua mhasibu. Sisi wengine tunamwita Bi Pambizo, kwa kuwa hajawahi kumsamehe mtu aliyebana ukingo mweupe wa ukurasa ili maneno yake yaenee.

Aliajiriwa enzi za mkasi na gundi, kurasa zikibandikwa kwa mkono. Kompyuta zilipoingia ofisini, wenzake wawili waliomba uhamisho. Yeye aliomba kiti kirefu zaidi. Amesanifu vitabu vya hesabu, vya afya, vya mashairi, na kamusi moja iliyonenepa kadiri yeye alivyokonda. Ni mtu wa utani, ila kazi haitanii. Hata kwenye harusi ya bintiye alimsogeza mpiga picha, kisha akawasogeza wakwe, hadi nafasi ya kushoto ikalingana na ya kulia. Bwana harusi nusura atolewe kwenye picha.

Kisa chake kikubwa, hata hivyo, ni cha mwaka jana. Ameniruhusu nikisimulie kwa sharti kwamba nisitie chumvi. Nitajitahidi.

Tulikuwa tunamalizia atlasi ya shule. Kompyuta yake ya zamani, ya aina ile ambayo skrini na mtambo ni kitu kimoja, ikakata roho. Faili zilikuwa salama, lakini kiwanda cha uchapaji kilishatutengea zamu, na zamu ikipita, shule zingefunguliwa bila atlasi. Bi Pambizo akamwita shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi anayeunda kompyuta kwa kuchagua kila kipande mwenyewe. Shemeji akaunda mtambo wa haja: kasha la kioo, feni zenye taa za rangi, na kadi ya picha nene kama tofali. Mkurugenzi naye, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, akanunua kitu bila kuomba punguzo: skrini pana ya wasanifu, ghali kiasi kwamba walinzi waliibeba kwa kunyata.

Shemeji alipoleta mtambo alitaka kuunganisha mwenyewe. Bi Pambizo akamwambia aende zake, kuchomeka waya si upasuaji. Akachomeka. Akawasha. Feni zikazunguka, taa zikameremeta kama ukumbi wa sherehe, na skrini ikaandika kwamba haipokei kitu chochote, kisha ikazimika.

Hapo ofisi nzima ikageuka mafundi. Mhasibu alishauri izimwe na kuwashwa tena, dawa anayoipendekeza hata kwa mafua. Dereva alisema ni betri. Ofisa masoko akagonga kasha kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kwa huzuni kama daktari. Bi Pambizo akashika simu, mbele yetu sote, na sauti ikiwa wazi.

"Shemeji, kompyuta yako imekufa."

"Yangu haifi, shemeji. Nimeijaribu nyumbani kwangu asubuhi. Angalia hiyo skrini."

"Skrini imetoka dukani. Kompyuta imetoka jikoni kwako!"

Kisha simu ikakatwa. Bi Pambizo, aliyekuwa amefurahi kusema neno kali, akabaki ameshika simu, akiitazama kama imemng'ata.

Jioni hiyo, kwa maelezo ya mumewe, nyumba haikulalika. Mke alitaka mume ampigie ndugu yake. Ndugu alitaka mume amwambie mkewe aombe radhi. Mzee wa watu akawa kama karani wa posta, anapokea huku na kupeleka kule, chai ikipoa. Mwishowe akawaambia wote wawili kwamba yeye hana atlasi wala kompyuta, anaomba tu kulala.

Kesho yake shemeji akaja na mkoba wake wa bisibisi. Alimsalimia mlinzi, akamsalimia dereva, akausalimia hata mtambo. Bi Pambizo aliambulia kikohozi kidogo tu. Fundi akafungua kasha, akachomoa hiki, akarudisha kile, akapuliza vumbi ambalo halikuwepo. Skrini ikabaki nyeusi. Jasho likaanza kumtoka, maana sasa kazi ya mikono yake ndiyo iliyokuwa kizimbani. Huruma ikamwingia Bi Pambizo. Akapiga magoti aingie chini ya meza amwangazie kwa simu, na papo hapo shemeji naye akainama. Vichwa vikagongana, mlio ukasikika hadi chumba cha wahariri.

Akiwa bado amejishika paji la uso, Bi Pambizo akamulika mgongo wa kasha. Palikuwa na matundu mawili yanayofanana kama pacha: moja juu, la ubao mkuu unaobeba vipande vyote, na jingine chini, kwenye ile kadi ya picha. Kwa kompyuta ile, picha hutoka kwenye kadi peke yake. Waya ulikuwa umechomekwa juu.

Angeweza kuuhamisha kimya kimya. Sisi tulikuwa tunaona viatu vyao tu. Badala yake tukasikia sauti kutoka chini ya meza: "Shemeji, ni mimi. Nilichomeka pasipo penyewe, nikakutukana bure. Nisamehe."

"Na mimi sikuangalia nyuma, shemeji. Nilinuna mno."

Waya ukahamishwa, skrini ikawaka, na atlasi ikatokea kwa rangi ambazo hatukuwahi kuziona. Tulipiga makofi kwa muda mfupi, kwa sababu Bi Pambizo alishaona kwamba ziwa moja lilikuwa limepakwa rangi ya mashamba. Kwenye skrini ya zamani vyote vilionekana kijivu. Watoto wangejifunza kwamba watu hulima mahindi juu ya maji. Ziwa likarudishiwa samawati yake. Dibaji ilipofunguliwa, picha ya mkurugenzi ilidhihirisha mahali hasa rangi ya nywele zake ilipoishia, naye akaamuru tuendelee na ramani.

Atlasi ilifika shuleni kwa wakati. Lakini lililonigusa zaidi ni lile neno "ni mimi". Mkubwa kuomba msamaha chini ya meza kulitulegeza wote. Ndani ya juma lile tulimjua aliyevunja kitasa cha stoo na anayemaliza sukari. Mkurugenzi mwenyewe alikiri kuhusu sukari.

Sasa Bi Pambizo anasema atajifunza kuogelea. Miwani ya majini ameshanunua. Bwawa bado analitafuta.

Bi mkubwa, asante kwa vitabu ambavyo watoto wetu wamesomea bila kujua jina lako. Tunakuombea afya, usingizi wa asubuhi, na maji yasiyo na kina kirefu. Ukihisi unazama, paza sauti tu. Tutakuja ofisi nzima, kila mtu na ushauri wake.