Bwana Kesho na Mteja wa Saa Nane Kasoro Tano

Leo Ijumaa, saa kumi na moja jioni, mwenzetu ambaye duka zima linamwita Bwana Kesho atavua beji yake baada ya miaka thelathini na mmoja ya kuuza redio, televisheni, friji na kila kitu chenye waya. Ametimiza umri, sheria haina mjadala. Yeye alikuwa bado anabisha mpaka mwezi uliopita, na sababu ya ubishi wake ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya karatasi hii. Nimeombwa niandike mimi, keshia wenu, kwa kuwa nimekaa kaunta ya jirani yake miaka ishirini na sita. Keshia na Kesho: wateja wengine walidhani ni mtu na dada yake, na mkewe hadi leo ananiita wifi.

Alianza kama mpanga bidhaa. Mwaka wa pili akawa muuzaji, na picha yake ikabandikwa ukutani miezi saba mfululizo kama Muuzaji Bora. Siku hizo, kama siku hizi, duka lilikuwa na amri moja: mteja asitoke mikono mitupu. Chumba cha chai kulikuwa na ubao wa majina, na aliye chini aliandikwa kwa chaki nyekundu. Mtu akiingia kuulizia betri anazingirwa na wauzaji watatu, akitoka amebeba pasi, feni na waya wa antena asiojua ataufunga wapi. Akirudi kulalamika, wale watatu wameyeyuka. Mmoja yuko stoo, mwingine kashika simu ambayo haikulia. Mteja anaambiwa fundi hayupo, rudi kesho, na fundi yupo nyuma ya pazia anakunywa chai yake. Tusidanganyane, jamani, neno hilo tumelisema sote. Yeye alilisema vizuri kuliko sisi, kwa tabasamu, na jina likamganda.

Mwaka wake wa tatu aliingia mama mmoja mtu mzima, mkunga mstaafu, na mkongojo wake. Alitaka redio. Mwanawe wa pekee alikuwa mtangazaji wa kituo cha ng'ambo, akisoma taarifa ya habari kila siku saa nane mchana, na mama alitaka kumsikia. Redio ya masafa mafupi, inayoshika vituo vya mbali, ilikuwapo rafu ya chini, ndogo, ya rangi ya majivu, na ndiyo pekee ambayo ingemfaa. Lakini wiki ile stoo ilikuwa imefurika redio kaseti za spika mbili, na ubao wa chumba cha chai ulikuwa unasubiri. Bwana Kesho akamwambia, "Mama, chukua hii. Inashika kila kitu."

Kesho yake alirudi. Alifika saa nane kasoro tano, akaiweka redio kaunta, akasema, "Haimshiki mwanangu."

Hakusema ni mbovu, wala hakudai chochote. Haimshiki mwanangu, basi. Bwana Kesho akamwambia fundi hayupo, rudi kesho. Akarudi. Siku kumi na saba mama yule alirudi, saa ileile, akaketi kwenye kiti cha mbao cha mbele ya kaunta, na siku kumi na saba akaambiwa neno lilelile. Siku ya kumi na saba aliiacha redio palepale, maana ilikuwa inamlemea mkono, akasema, "Nitarudi, mwanangu. Mimi huwa narudi."

Siku iliyofuata, saa nane kasoro tano, kengele ya mlango ililia. Bwana Kesho alikuwa ameinama anaandika risiti. Bila kuinua macho akasema, "Karibu mama, keti." Alipoinua macho hakuona mtu. Saa kumi akaja jirani wa yule mama kutoa taarifa: amefariki alfajiri.

Hayo nimesimuliwa na fundi, ambaye chai ilimtumbukia nyongo na tangu hapo hanywi nyuma ya pazia. Yanayofuata nimeyaona mwenyewe. Mlango wetu umebadilishwa mara mbili. Wa kengele ukaondoka, ukaja wa kusukuma, ukaondoka, ukaja huu wa kioo unaojifungua. Tabia haikubadilika. Kila siku ya kazi, saa nane kasoro tano, unafunguka. Baridi kidogo inapita miguuni, televisheni zote za ukutani zinapoteza sauti, picha zinabaki. Bwana Kesho anasimama wima, anasema karibu mama, na anabaki amesimama mpaka saa nane na robo, mlango unapofunguka tena. Halafu anaketi na kufuta jasho. Kile kiti cha mbao hakikaliwi. Muuzaji mmoja mgeni alitua juu yake boksi la spika akiwa na haraka zake. Tulilikuta limesogezwa chini taratibu, bila mkwaruzo, na yeye akaomba uhamisho.

Msidhani mwenzetu alikuwa mtu wa huzuni. Baada ya yule mama alibadilika kabisa, ila kwa ucheshi wake uleule. Alikataa kulitamka neno kesho. Alisema "siku inayofuata leo", tukamcheka mpaka tukachoka. Kila kifaa alikiwasha mbele ya mnunuzi na kumwambia sikia hapa, gusa hapa, ondoka nacho kikiwa kizima. Bwana harusi mmoja alitaka televisheni kubwa kuliko zote dukani. Bwana Kesho alimpa kamba, akamtuma nyumbani akapime ukuta. Yule bwana alirudi na kamba fupi na aibu ndefu, akanunua ndogo, na hadi leo anatuletea ndugu zake. Jina la Bwana Kesho likakaa kwenye chaki nyekundu miezi kumi na moja. Akaomba wasilifute, alisema analipenda lilivyokolea. Alipopewa kaunta ya huduma kwa wateja, malalamiko yalipungua hata daftari la malalamiko tukaanza kuandikia zamu za kufagia.

Meneja wetu wa sasa yupo hapa, naye ni mtu wa utani, kwa hiyo asinune. Miaka sita iliyopita alifunga mlangoni ile mashine ya kuhesabu walioingia na waliotoka. Baada ya wiki akatuita kikao. Amelinganisha mashine na picha za kamera, na kila siku mashine inahesabu mteja mmoja asiyeonekana kwenye picha, anaingia na kutoka bila kununua. Kamera ni mbovu, akasema, lakini uzembe wetu ni mbovu zaidi: huyu mmoja anayetoka mikono mitupu kila siku ni nani, na nani anamwachia? Bwana Kesho alimwomba kwa heshima aachane naye. Meneja hakusikia. Kesho yake alisimama mwenyewe mlangoni na kabrasha la bei mpya, saa nane kasoro sita.

Mlango ukafunguka. Akasema karibu sana, leo tuna punguzo. Nilimwona kwa macho yangu akirudi nyuma hatua mbili na kubana mgongo ukutani, kama unavyompisha mtu mwenye mkongojo. Alikwenda ofisini akaomba maji. Tangu siku hiyo chakula cha mchana anakula nje, saa nane kasoro kumi kamili, na suala la yule mmoja halijaulizwa tena.

Sasa mnaelewa kwa nini alikuwa anabisha kustaafu. Aliniambia waziwazi hofu yake: nikiondoka, mama atakuja, nani amkaribishe? Mkewe alikuwa na hofu ya pili, na kubwa zaidi. Jumapili, duka likiwa limefungwa, saa nane kasoro tano Bwana Kesho anasimama sebuleni kwake kijiko mkononi na kusema karibu mama, na pazia la mlango linatikisika. Wifi yangu alinishika mkono akasema, "Mimi nasubiri mume, sisubiri na mgeni wake. Akija nyumbani na deni la neno, sitampata hata huko uzeeni." Alilia, nami nikalia.

Basi tukaamua kumtafuta mwana. Yule jirani bado yu hai, na mjukuu wake alikuwa na namba ya simu. Mtangazaji mwenyewe ni mzee sasa, kituo chake kilishafungwa, na amerudi kuishi kwa binti yake, mwendo wa siku moja kwa basi kutoka hapa. Bwana Kesho alimpigia na kumweleza kila kitu, ukiwemo uongo wake mwenyewe. Kisha mzee akasema kwamba kila siku, kabla ya kuanza kusoma, alikuwa akikohoa kidogo. Wakubwa wake walimkemea miaka yote. Ile ilikuwa salamu yake kwa mama. Hakuwahi kujua kwamba haikufika.

Alifika Jumatano na begi dogo. Fundi ametengeneza kirushio cha sauti chenye ukubwa wa kiberiti, kinachorusha hadi kwenye ile redio kaseti ya spika mbili, ambayo imekaa kabatini na risiti yake miaka ishirini na nane. Hotuba ya leo haitasomwa na meneja. Saa nane kamili mtangazaji ataketi stoo na kipaza sauti, na wasifu huu mlioushika atausoma yeye, kupitia redio hiyo, juu ya kaunta.

Nilikuwa nimemalizia hapo, lakini nimelazimika kuongeza yaliyotokea jana, karatasi zikiwa hazijachapwa. Tulifanya jaribio. Saa nane kasoro tano mlango ukafunguka, baridi ikapita, televisheni zikanyamaza. Bwana Kesho akasema karibu mama. Ilipogonga saa nane redio ikakwaruza, halafu tukasikia, wazi kabisa, mtu akikohoa kidogo.

Kile kiti cha mbao kilitoa mlio, kama kinavyofanya mtu akikiegemea. Halafu betri ya kirushio ikazimika. Fundi alitoka stoo akijikuna kichwa, akasema kwa mazoea, bila kufikiri: itabidi kesho.

Saa nane na robo ilifika ikapita, mlango haukufunguka. Jioni tulipofunga, mashine ilisoma: walioingia sitini na wanne, waliotoka sitini na watatu. Bwana Kesho aliisoma mara mbili. Alivuta kiti chake, akaketi uso kwa uso na kile kiti kitupu, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akalitamka lile neno. "Kesho, mama. Saa nane. Safari hii ni kweli." Akazima taa, tukatoka, tukafunga kwa nje.

Kwa hiyo wageni wetu, kiti cha mbao kilicho mbele msikikalie. Mlango ukifunguka wakati wa kusoma, wapisheni njia, na msigeuke.

Bwana Kesho, ahsante kwa kutufundisha kuuza kitu kinachofanya kazi, na kwa kumkaribisha mtu hata asipoonekana. Mrudie mkeo ukiwa mtu mmoja. Mwenzetu, tunakutakia maisha mema na mchana mrefu. Na Jumapili ikifika saa nane kasoro tano, kaa tu, kaka yangu. Usisimame.